Safu ya Mwisho ya Rejista

Katika vituo vya afya vya Goma, ukiita "IT", anayegeuka ni muuguzi. Ni herufi za "infirmier titulaire", muuguzi mkuu wa kituo: ndiye anayepima na kutibu, anayeshika funguo za stoo ya dawa, anayekutana na relais, wahudumu wa kujitolea wa mtaa, na mwezi ukiisha ndiye anayeketi kuhesabu. Ingia sasa katika ofisi ya shirika la misaada mjini humo humo, ita "IT", atainuka kijana wa kompyuta. Nimeitikia majina yote mawili. Nilisomea uuguzi kwanza, kompyuta baadaye, na kwa miaka mingi watu wameniuliza kwa nini niliacha kazi moja nikashika nyingine. Jibu langu ni kwamba sijaacha kitu, na ili nieleweke inabidi nirudi nyuma sana.

Lakini kwanza mahali penyewe. Lac Vert ni mtaa wa magharibi mwa Goma, kwenye njia ya Sake. Umepewa jina la ziwa dogo la kijani lililotuama ndani ya shimo la volkano ya kale, karibu na ufuko wa Ziwa Kivu. Ardhi ni mawe meusi ya lava. Kuchimba choo ni kazi ya siku nyingi, na kaburi vilevile. Mabondeni hujikusanya mazuku, hewa ya kaboni dioksidi isiyo na harufu inayopanda kutoka ardhini usiku na kuua mbuzi, mbwa, na mtoto aliyelala chini. Rejista ya kituo haina safu ya mazuku. Ina namba, tarehe, jina, umri, jinsia, anwani, uzito, kama mgonjwa ni mpya au amerudi, ugonjwa, dawa. Kisha mwisho kabisa, pembeni mwa ukurasa, ipo safu nyembamba iliyoandikwa "observations". Humo ndimo muuguzi huandika: amelala bondeni, ndugu wawili pia.

Safu hiyo ina historia ndefu kuliko kompyuta yoyote.

Mwaka 1854 Florence Nightingale alifika hospitali ya kijeshi ya Scutari, Uturuki, wakati wa vita vya Crimea. Akakuta askari wanakufa kwa wingi, na vitabu vya vifo vinapingana: kila ofisi ina idadi yake. Tumezoea kumwona katika picha akiwa na taa mkononi. Mimi namwona na kalamu. Aliporudi Uingereza alikaa na wanatakwimu, na mwaka 1858 akatoa mchoro wa duara uliowaonyesha wakubwa kwamba maradhi ya kuzuilika yaliua askari wengi kuliko risasi. Alikuwa mwanamke wa kwanza kupokelewa katika chama cha wanatakwimu cha London. Baadaye alilalamika kwamba kumbukumbu za hospitali haziwezi kulinganishwa kwa sababu kila moja inaandika kivyake, akapendekeza fomu moja kwa zote. Hilo ndilo tunalolihangaikia mpaka leo, ila sasa tunalifanya kwa seva.

Upande wetu wa dunia, kuhesabu watu kwa jina la afya hakukuanza kwa upole. Mwanzoni mwa karne ya 20, malale yalipokuwa yakimaliza vijiji vya Kongo, utawala wa kikoloni ulianzisha hati ya kusafiria ya kitabibu: usipopimwa, usipite. Timu zilifika kijijini, watu wakapangwa mstari, shingo zikapapaswa kutafuta tezi zilizovimba, damu ikatazamwa kwa hadubini, jina likaandikwa. Kadiri miaka ilivyopita, waliopapasa na kuandika walikuwa wauguzi Wakongo. Walijifunza mambo mawili kwa pamoja: kwamba orodha safi inaweza kuvunja ugonjwa, na kwamba mwenye orodha ana nguvu juu ya mwenye jina. Mambo hayo mawili hayajawahi kutengana, na yeyote anayejenga mfumo wa kumbukumbu za wagonjwa Kivu bila kuyajua atajenga kitu cha kuogopwa.

Lakini kuna upande mwingine. Mwaka 1897 daktari mmisionari Albert Cook alifika Uganda, na katika msafara wake alikuwemo muuguzi Katharine Timpson, aliyekuja kuwa mke wake na kuanzisha mafunzo ya wakunga. Walianzisha hospitali ya Mengo, na walichoandika kuhusu wagonjwa wao kilitunzwa. Miaka zaidi ya 60 baadaye, daktari Denis Burkitt alipokwisha kueleza uvimbe wa taya unaoua watoto, watafiti wa Kampala walijiuliza kama ugonjwa huo ni mpya. Wakafungua majalada ya Mengo. Matokeo yalichapishwa mwaka 1964: kumbukumbu za tangu 1897 hadi 1956, zilizoandikwa kwa mkono, zilionyesha kwamba uvimbe wa aina hiyo ulikuwepo tangu zamani. Nikiwaambia wanafunzi wa uuguzi habari hii, huwaomba watazame mwandiko wao wenyewe. Muuguzi aliyechoka saa kumi alfajiri hajui ni nani atakayemsoma.

Kongo ikapata uhuru tarehe 30 Juni 1960 ikiwa karibu haina daktari wake mwenyewe. Ilikuwa na wasaidizi wa tiba zaidi kidogo ya 100, na maelfu ya wauguzi. Madaktari wa Kibelgiji walipoondoka kwa wingi Julai ile, Shirika la Afya Duniani liliwapeleka wasaidizi wa tiba Ufaransa wakasomee udaktari. Waliobaki vijijini na funguo, dawa, na vitabu walikuwa wauguzi. Sijui nchi nyingine ambayo afya yake iliwekwa mikononi mwa wauguzi kwa ghafla kiasi kile. Hapo ndipo muuguzi wa Kongo alipozoea kuwa tabibu, mkunga, mhasibu na mwandishi, mtu mmoja, meza moja.

Mpango ulikuja baadaye. Kuanzia mwaka 1971, huko Kasongo, Maniema, timu iliyoshirikiana na Taasisi ya Tiba ya Antwerp ilijaribu jambo lililoonekana dogo: kituo cha afya chini ya muuguzi, kinachohudumia watu wanaojulikana, na hospitali moja nyuma yake ya kupokea wanaozidi uwezo. Mkutano wa Alma-Ata wa mwaka 1978 uliipa fikra hiyo nguvu, na katikati ya miaka ya 1980 Zaire, kama Kongo ilivyoitwa wakati ule, ikagawanywa katika zone de santé, yaani kanda za afya, 306. Leo zimepita 500. Kivu Kaskazini peke yake ina 34, na mji wa Goma umegawanywa kati ya mbili, Goma na Karisimbi. Ndani ya kila zone mna aire de santé, maeneo madogo zaidi, na kila aire ina IT wake. Kila mwanzo wa mwezi IT hupeleka ripoti ya SNIS, mfumo wa taifa wa habari za afya, katika ofisi kuu ya zone, ile inayoitwa BCZ. Ramani ile ya Kasongo ndiyo mfumo wa habari wa kwanza tuliokuwa nao kweli, na ulitembea kwa miguu.

Kisha ukafika mwaka 1994.

Julai ile, katika siku chache tu, wakimbizi Wanyarwanda wanaokadiriwa kuwa kati ya 500,000 na 800,000 walivuka mpaka wakaingia Goma. Kipindupindu kikafuata. Kambi zilikuwa Kibumba, Katale, na Mugunga, jirani kabisa na Lac Vert. Lava haikuchimbika. Maiti ziliwekwa kando ya barabara zikiwa zimeviringishwa mikeka, na malori yakapita kuziokota. Kundi la wataalamu wa magonjwa ya mlipuko waliojiita kundi la Goma walipotaka kujua wamekufa wangapi, hawakuwa na rejista ya kutegemea. Walihesabu maiti zilizookotwa na malori. Karibu watu 50,000 walikufa katika mwezi wa kwanza. Namba ile imeingia katika vitabu vya afya ya jamii duniani kote, na kila ninapoiona nakumbuka ilivyopatikana: hakuna jina, hakuna umri, hakuna safu ya mwisho. Hiyo ndiyo hesabu ya mahali ambapo muuguzi hakuwahi kupewa nafasi ya kuandika.

Katika miaka hiyo hiyo, Afrika Kusini ilikuwa imetoka katika uchaguzi wake wa kwanza wa watu wote. Serikali ya ubaguzi iliacha mifumo ya afya iliyokatwa vipande kwa rangi, kila kipande na fomu zake. Wanaharakati wa afya wa Cape Town, pamoja na watafiti kutoka Norway akiwemo Jørn Braa, walianza kwa swali ambalo mtu wa kompyuta mara nyingi husahau: ni nini ambacho hakika tunahitaji kujua? Walikaa na wahudumu wa zahanati wakapunguza mamia ya vipengele hadi orodha fupi inayobebeka. Programu iliyotokana na mazungumzo hayo iliitwa DHIS. Toleo lake la pili, DHIS2, linalotumia intaneti, lilianza kutumika mwaka 2006. Kenya ilikuwa ya kwanza kusini mwa Sahara kulisambaza nchi nzima, mwaka 2011. Tanzania na Uganda zikafuata, na Kongo ikalipokea kwa SNIS yake katikati ya muongo ule.

Kabla ya hapo Kenya ilikwisha kujaribu njia nyingine. Mwaka 2001, katika kituo cha afya cha Mosoriot karibu na Eldoret, Chuo Kikuu cha Moi na Chuo Kikuu cha Indiana waliweka mfumo mdogo wa kumbukumbu za wagonjwa wa nje. Waliokuwa wakiutumia kila siku walikuwa maafisa tabibu, wauguzi na makarani. Ilipopimwa, ilionekana wagonjwa wanasubiri muda mfupi zaidi. Kutoka mbegu ile, pamoja na kazi ya Partners In Health, ilichipuka OpenMRS mwaka 2004, programu ya bure ambayo leo inatumika katika nchi nyingi. Marekani ilikwisha kuutambua rasmi uuguzi wa habari na kompyuta kuwa fani mwaka 1992. Sisi hatukungoja jina.

Niseme sasa habari ya kosa langu, maana bila hilo nisingeielewa historia hii yote.

Nilikuwa nimeingia katika kazi ya kuingiza data, katika ofisi ambayo sitaitaja. Ripoti za mwezi zilikuja kwa karatasi, nami nikazipandisha katika mfumo. Nchini Kongo wajawazito hukadiriwa kuwa asilimia 4 ya wakazi: aire ya watu 10,000 inatarajiwa kuwa na wajawazito 400 kwa mwaka, na watoto wa chanjo huhesabiwa kwa kanuni ya namna hiyo hiyo. Mwezi ule kituo kimoja cha magharibi mwa mji kilileta chanjo za surua zilizopita idadi ya watoto wote wanaokadiriwa kuwepo. Mfumo ukanipa rangi nyekundu. Asilimia haiwezi kupita 100, ndivyo nilivyofundishwa, kwa hiyo nikaishusha namba nikaandika "imesahihishwa".

Siku mbili baadaye IT wa kituo kile alifika. Mama wa makamo, amekuja kwa pikipiki, rejista iko kwapani imefungwa mfuko wa plastiki kwa ajili ya mvua. Hakuketi. Aliifungua juu ya kibodi yangu, akateremsha kidole safu ya mwisho, ukurasa baada ya ukurasa. Masisi. Kitshanga. Sake. Masisi. Masisi. Kila mstari mtoto, na kila mtoto mahali alikotoka mbio.

"Mwana yangu," akaniambia, "bale batoto nilibashika na mikono yangu."

Asilimia ile haikuwa kosa. Ilikuwa habari: watu walikuwa wameanza kukimbia, na daftari la chanjo lilijua kabla ya ofisi yoyote. Mimi, muuguzi, nilikuwa nimekaa mbele ya mashine kwa miezi michache tu na tayari nilikuwa nimesahau kwamba namba ina mkono uliochomwa sindano. Tangu siku ile, rangi nyekundu kwangu ni sababu ya kupiga simu.

Yaliyofuata katika Kivu yamenifundisha jambo lile lile kwa sauti kubwa zaidi. Tarehe 1 Agosti 2018 Ebola ilitangazwa Kivu Kaskazini. Ilipokwisha, tarehe 25 Juni 2020, wagonjwa walikuwa 3,470 na waliokufa 2,287. Goma ilipata mgonjwa wake wa kwanza Julai 2019. Kazi ilikuwa ya orodha: kila aliyemgusa mgonjwa afuatwe siku 21, apimwe joto, achanjwe, na walio karibu naye pia. Zaidi ya watu 300,000 walichanjwa. Simu na tableti zilijaa. Lakini watu walikimbia orodha. Jina lako likiingia, gari linakuja, majirani wanaangalia, na nani ajuaye utarudi? Kumbukumbu ya mistari ya malale haikuwa mbali kama tulivyodhani. Nilichokiona ni kwamba mtu alikubali kuandikwa pale ambapo aliyeshika tableti alikuwa muuguzi aliyemzalisha dada yake. Hakuna programu inayoweza kutengeneza imani ya namna hiyo. Inaweza tu kuiheshimu au kuiharibu.

Tarehe 22 Mei 2021 volkano ya Nyiragongo ikalipuka, kama ilivyolipuka 2002 ikala katikati ya mji. Siku tano baadaye watu wa mitaa kadhaa waliamriwa kuhama, na mamia ya maelfu wakatoka mjini, wengi wakishika njia ya Sake, wakipita hapa hapa Lac Vert. Kisha vita vikarudi. Katika 2022 na 2023 kambi zikajaa tena kwenye mawe yale yale ya 1994: Bulengo, Lushagala, Mugunga, Lac Vert. Tarehe 3 Mei 2024 mabomu yalianguka katika kambi za Mugunga na Lac Vert, yakaua zaidi ya watu 10, watoto wakiwemo. Mwaka huo huo mpox ikaingia kambini, na tarehe 5 Oktoba chanjo yake ikaanza kutolewa Goma.

Safari hii palikuwa na mfumo, na naona inafaa kusemwa wazi. Wagonjwa walihesabiwa kwa juma, kwa umri, kwa kambi. Ukilinganisha na malori ya 1994, ni tofauti ya usiku na mchana, na tofauti hiyo imefanywa na watu ambao mara nyingi hawana mshahara wa serikali, wanaonunua mega za intaneti kwa fedha zao ili ripoti ipande, wanaochaji simu kwenye sola ya jirani.

Nina malalamiko pia. Goma ina ISTM, inayofundisha wauguzi, na ina ISIG, inayofundisha kompyuta na uongozi. Zote zimo katika mji mmoja, na bado mwanafunzi anayetaka elimu ya pande zote mbili inabidi aitafute kwa jasho lake, nusu huku nusu kule. Na akishafanikiwa, shirika linamchukua kuwa meneja wa data, wodi inabaki na pengo. Simlaumu. Ana watoto wa kulisha, na prime, posho ya hospitali, haieleweki itakuja lini. Ila nasikitika kila ninapoona fomu mpya iliyobuniwa na mtu asiyewahi kumshika mgonjwa: vipengele 60, mtandao hafifu, foleni ya akina mama nje juani. Mtu aliyewahi kukaa katika ile foleni kwa upande wa meza angekata vipengele 40 kabla ya chai. Na angedai safu ya mwisho. Mfumo wa takwimu unakula namba tu. Maoni ya muuguzi hubaki kitabuni, na kitabu hubaki kituoni.

Mwisho wa Januari 2025 mji uliingia mikononi mwa waasi wa M23. Umeme na maji vilikatika kwa siku kadhaa, hospitali zikafurika majeruhi. Mwezi uliofuata kambi zilizozunguka Goma ziliamriwa kuvunjwa, watu warudi walikotoka. Katika muda wa siku chache mahema yakashuka, na mawe meusi yakaonekana tena.

Nilikwenda kituoni baada ya hapo. Kazi iliyonipeleka ilikuwa ya wagonjwa wa kifua kikuu waliokuwa katikati ya dawa, miezi 6 isiyotakiwa kukatika. Kwenye kompyuta yangu walikwisha kugeuka rangi: "perdu de vue", waliopotea machoni. Titulaire akanivutia kiti, akafungua rejista. Usiku wa mwisho kabla kambi haijavunjwa alikuwa amekaa mlangoni na kalamu, akimpa kila mgonjwa dawa za mwezi mmoja na kumwuliza anakwenda kwa nani. Safu ya mwisho ilikuwa imejaa hadi ukingoni, maneno mengine yamepanda juu ya mstari.

Fomu yangu haikuwa na nafasi ya kuyaweka. Nikafungua ukurasa mpya, yeye akaanza kusoma polepole, nami nikaandika. Kwa mjomba, Minova. Kwa mama mkwe, Kitshanga, nyuma ya kanisa. Masisi, amesema atapiga simu. Masisi, hana simu, muulize mwenye duka la chumvi.